Kuiuliza Stata Ikiwa Kazini

Mtito Andei iko karibu nusu ya njia kati ya Nairobi na Mombasa, na nafasi hiyo ndiyo iliyoujenga mji. Malori hulala hapa, mabasi husimama abiria wale chakula cha harakaharaka, lango la Mbuga ya Tsavo Magharibi liko kando ya barabara, na tangu 2017 treni ya reli mpya nayo ina kituo chake. Kwa mwenye pikipiki ya zamani, kuwa katikati kuna maana nyingine isiyomfurahisha. Kifaa cha pikipiki iliyoacha kuundwa miaka thelathini iliyopita hakiuzwi Mtito Andei. Kama kipo popote, kipo Nairobi, kwenye maduka ya Barabara ya Kirinyaga na vichochoro vya Grogan, au kipo Mombasa, zaidi ya kilomita 200 upande wowote utakaochagua. Kinaulizwa kwa simu, kinalipiwa kwa simu, kinapakiwa kwenye basi. Kikishafika na kufungwa, halafu pikipiki ikabaki kimya vilevile, hakuna muuzaji atakayekirudisha, maana vifaa vya umeme vikishafungwa havirudi dukani. Kwa hiyo hoja ninayotaka kuitetea hapa inahusu mji huu kuliko inavyohusu Nairobi: stata ya umeme ikigoma, kazi yenye thamani ni kujua kosa liko wapi, na kosa hilo halijulikani mpaka umeme upimwe wakati stata inajaribu kuzungusha injini. Kupima kwingine kote, hata kwa mtu makini, kunaweza kumpeleka fundi kwenye kifaa kisicho na hatia.

Kwenye pikipiki, njia za umeme wa stata ni mbili. Ya kwanza ni nyembamba: inapita kwenye swichi ya ufunguo, fyuzi, kitufe cha mkononi, mara nyingi swichi ndogo ya klachi au ya gia huru, hadi kwenye koili ya relei. Hiyo hubeba ampea chache tu. Ya pili ni nene: inatoka kwenye temino chanya ya betri, inapita ndani ya relei, inaingia kwenye mota ya stata, halafu inarudi betri kupitia chuma cha injini na waya wa arthi. Sekunde ile injini inapozunguka, njia hii nene hubeba ampea 50, au 80, na kwa injini kubwa hata zaidi ya 100. Sasa chukua kanuni aliyoichapisha Georg Ohm mwaka 1827, kwamba volti zinazopotea kwenye kiungo ni mkondo ukizidishwa kwa ukinzani wa kiungo hicho. Tuseme chini ya boliti ya arthi kuna kutu yenye ukinzani wa omu 0.02. Fundi akiweka taa ya kupimia inayotumia nusu ampea, kutu hiyo itameza volti 0.01, na taa itawaka kwa mng'ao wake wote. Stata ikidai ampea 80 kupitia kutu hiyohiyo, volti 1.6 zinapotea. Kukiwa na viungo viwili vya namna hiyo, volti 3.2 zimekwenda, na kama betri yenyewe imeshuka hadi 10.5 kwa uzito wa kazi, mota imeachiwa volti 7.3. Itanguruma kidogo na kunyamaza. Fundi aliyeona taa ikiwaka atasema umeme umefika, kwa hiyo stata imekufa. Hajadanganya, ila taa yake imemwambia habari za nusu ampea, naye anazichukulia kuwa habari za ampea 80. Hata kipimo cha omu kwenye mita ya kawaida hakimsaidii, kwa sababu nyaya za mita zenyewe zina ukinzani mkubwa kuliko hiyo omu 0.02 anayoitafuta.

Dawa yake ni rahisi kiasi kwamba inashangaza kuwa haitumiki kila mahali. Mita inawekwa kwenye volti, gia ikiwa huru, plagi ikiwa imefunguliwa na kulazwa juu ya chuma cha injini ili moto usiwake, mtu mmoja anabonyeza kitufe na mwingine anasoma. Kwanza betri yenyewe: ikiwa imetulia na imejaa, inapaswa kuonyesha kama volti 12.6 au 12.7, na stata ikizunguka isishuke chini ya 9.6 hivi. Kisha mita inawekwa kati ya temino chanya ya betri na boliti ya waya mnene pale kwenye stata. Hapo, wakati wa kubonyeza, inayosomwa ni hasara ya njia ya kwenda, na ikizidi nusu volti kuna kiungo kibovu njiani, ama relei yenyewe imeungua ndani. Halafu kati ya ganda la stata na temino hasi: hasara ya njia ya kurudi, ambayo haitakiwi kuzidi sehemu mbili au tatu za kumi za volti. Ncha za mita ziguse risasi ya temino yenyewe, wala si kibano kilichoishika, kwa kuwa mara nyingi ugonjwa umejificha kati ya hivyo viwili. Ninachokipenda katika utaratibu huu ni kwamba jibu lolote lina maana. Betri isiposhuka hata kidogo wakati wa kubonyeza, hakuna mkondo mkubwa unaopita: relei haijafunga, au brashi za kaboni ndani ya mota zimekwisha. Ikishuka sana huku nyaya hazipotezi kitu, basi ama betri haina nguvu ama mota imekwama. Kila usomaji unafuta nusu ya washukiwa, na mpaka hapo hakuna boliti hata moja iliyolegezwa.

Kwamba viungo hushukiwa kabla ya mota si upendeleo, ni hesabu ya umri na mahali. Mota ya stata hufanya kazi sekunde chache kwa siku, imefungiwa ndani ya ganda, na adui yake mkubwa ni kulika kwa brashi. Viungo viko nje saa zote. Vumbi jekundu la barabara za ndani, kutoka Kathekani hadi njia zinazovuka Mto Athi kwenda Ikutha na Mutomo upande wa Kitui, huingia kwenye kila swichi, na mvua za Novemba zikinyesha vumbi hilo linageuka tope linaloshika unyevu kwenye shaba. Joto la nyanda hizi hukausha maji ya betri za zamani zenye vifuniko, nazo zinahitaji maji yaliyosafishwa. Visima vingi vya Makueni na Kitui vina maji ya chumvi, na mwenye haraka akijazia betri maji ya kisima, madini yale yanaanza kuharibu sahani na kuifanya ijimalize yenyewe hata ikiwa imeegeshwa. Halafu kuna mkono wa binadamu. Pikipiki iliyopita kwa wenye watano imepachikwa redio, kengele ya wizi, taa za mapambo, kila kimoja kimeunganishwa kwa kusokotwa na kufungwa utepe. Na wapenzi wa pikipiki za kale wana kosa lao la peke yao, ambalo nakiri linanichekesha: wanaifungua yote, wanapiga fremu rangi nzito inayong'aa, wanairudishia kila kitu mahali pake, kisha wanashangaa kwa nini stata iliyokuwa ikizunguka kabla ya urembo imegoma. Rangi imeziba pale injini na waya wa arthi vilipokuwa vikigusa chuma kitupu. Dakika mbili za msasa chini ya boliti moja zingetosha.

Mtu anaweza kupinga kwamba fundi mzoefu hahitaji mita. Yeye husikia tu. Nalikubali hilo zaidi ya anavyotarajia mpinzani, kwa sababu linaitia nguvu hoja yangu. Fundi wa namna hiyo anasikiliza lini? Anasikiliza kitufe kikiwa kimebonyezwa. Sikio lake ni kipimo kinachofanyika chini ya mzigo, na ndiyo maana linampita mwenye taa ya kupimia. Ule mlio wa tik-tik-tik wa haraka, kwa mfano, una maelezo kamili: relei inafunga, stata inadai mkondo mkubwa, volti zinaporomoka, koili ya relei inakosa nguvu na kuachia, mzigo unaondoka, volti zinapanda, relei inafunga tena. Anayeusikia amekwisha kujua kuwa njia nyembamba ni nzima na kwamba udhaifu uko kwenye betri au viungo vyake. Stata ikivuma peke yake kwa kasi bila injini kuzunguka, umeme wote hauna lawama na kosa ni la klachi ndogo inayounganisha stata na injini. Lakini sikio lina mpaka. Mlio mmoja mzito wa tak, kisha kimya, unaweza kutoka kwenye relei iliyoungua, waya uliooza ndani ya ganda lake, brashi zilizokwisha, au mota iliyokwama, na hakuna sikio linaloweza kuyatofautisha makosa hayo manne. Hapo ndipo wazoefu huanza kubahatisha, na bahati yao inalipiwa na mteja.

Pingamizi la pili ni la wenye pikipiki wenyewe: kiki ipo, ya nini kuhangaika na kitufe? Lina historia yake. Stata ya umeme si jambo la jana kwenye pikipiki. Honda iliiweka kwenye Super Cub yake ya C102 mwaka 1960, na CB750 ya 1969 ilikuja nayo. Ila pikipiki zilizozoeleka zaidi katika kazi za mashambani, kama Yamaha DT175 na AG100, ziliwashwa kwa mguu peke yake, na naamini fikra za ufundi wetu zililelewa na pikipiki hizo: umeme ulikuwa mambo ya plagi na taa. Serikali ilipopunguza kodi ya pikipiki ndogo karibu na mwaka 2008 na bodaboda zikajaa kila stendi, nyingi zilikuja na vyote viwili, kitufe na kiki, na kitufe kilipokufa hakuna aliyekililia. Tatizo ni kwamba stata ndiyo mtumiaji mkubwa kuliko wote wa umeme wa pikipiki, kwa hiyo ndiyo ya kwanza kuonyesha kuwa kuna kitu kinaharibika. Betri isiyopata chaji ya kutosha, kwa kuwa rekitifaya imeungua au waya wa chaji umekatika, hushindwa kuzungusha injini wiki kadhaa kabla ya kushindwa kuwasha taa. Anayehamia kiki ameinyamazisha dalili na kuuacha ugonjwa uendelee. Pikipiki zenye mfumo wa moto usiotegemea betri zitaendelea kutembea hata betri ikifa kabisa, huku taa zikififia kila injini inaposhuka kasi, na barabara ya Mombasa usiku, malori yakifuatana, si mahali pa taa inayofifia. Ambazo moto wake unategemea betri zitazimika tu, na kiki haitazifaa kitu. Na zipo pikipiki kubwa za zamani zisizo na kiki kabisa. Hizo kitufe kikifa ni kusukuma tu, na anayetaka kujaribu kuusukuma uzito ule kwenye mchanga wa njia ya mbugani ana ruhusa yangu.

Pingamizi zito zaidi ni la tatu. Je, kuamini kwamba kosa liko kwenye viungo si ubashiri ule ule uliovaa nguo nyingine? Mota za stata nazo hufa. Mfano unaojulikana sana ni wa BMW za silinda mbili za miaka ya 1980 na 1990, kama R80GS na R100GS, ambazo wasafiri wengi wamezipitisha Afrika. Baadhi zilifungwa stata za Valeo zenye sumaku za kudumu zilizogundishwa kwa gundi ndani ya ganda. Gundi ile, kwa umri na joto la injini, huachia. Sumaku inabanduka, inakwaruza sehemu inayozunguka na kuikwamisha. Mwenye kusafisha viungo siku nzima kwenye pikipiki hiyo anapoteza muda wake. Lakini angalia vipimo vingesema nini: mota iliyokwama hudai mkondo mkubwa kupita kiasi, betri nzima inaporomoka, na bado, ukilinganisha na mporomoko huo, nyaya zinapoteza kidogo tu. Picha hiyo haifanani na ya arthi yenye kutu, ambapo betri inabaki juu na hasara yote inaonekana sehemu moja. Simaanishi kwamba mota haina kosa kamwe. Namaanisha kwamba itiwe hatiani kwa ushahidi, ndipo mtu apige simu Nairobi.

Inabaki betri, nayo ndiyo inayoweza kuuvuruga mtihani mzima, kwani betri dhaifu hufanya kila kitu kingine kionekane dhaifu. Hapa mji una neema yake: betri nzima za kuazima zimejaa kwenye maegesho. Betri ya gari dogo, injini ya gari ikiwa imezimwa, ikiunganishwa na pikipiki ya volti 12 kwa nyaya nzuri itaiweka stata kwenye umeme wa uhakika, na tofauti itasikika papo hapo. Malori ni habari nyingine. Mengi hutumia volti 24, betri mbili za 12 zilizofuatana. Anayeunganisha kwenye ncha za mwisho za jozi hiyo anaweza kuunguza rekitifaya, taa na kisanduku cha moto kwa mara moja, na kugeuza kosa la kiungo kimoja kuwa uharibifu wa mfumo mzima. Achukue betri moja tu katika hizo mbili, na asiguse kitu kabla ya kuipima. Tena, pikipiki ikiwaka kwa betri ya kuazima, asihitimishe kwamba yake imekufa. Imethibitika tu kwamba haikuwa na chaji. Kama ni kwa sababu ya uzee, au kwa sababu injini haiijazi, ni swali jingine, na jibu lake liko kwenye mita pia: injini ikipata kasi, volti kwenye betri zinapaswa kupanda hadi kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Zikibaki 12.3, betri mpya atakayonunua itakufa kama ile ya kwanza.

Kuna namna moja ya kosa ambalo hata mtihani huu hulikosa, nalo ni la kawaida katika joto la huku. Stata inazunguka vizuri asubuhi, inagoma saa nane mchana baada ya safari ndefu, na jioni imepona. Chuma kilichopata moto hutanuka, koili iliyochemka huongeza ukinzani wake, brashi iliyobakia kipande husogea kwa shida, na kiungo kilichoshika kwa bahati huachia. Pikipiki hiyo ikiachwa kwa fundi usiku na kupimwa alfajiri, kila kipimo kitakuwa safi, naye atairudisha akiapa kuwa ni nzima. Kwa mantiki ileile, joto ni sehemu ya mzigo. Mwenye pikipiki ailete ikitoka safarini, injini ingali moto, na ipimwe pale pale ikigoma.

Na hapo tunafika kwenye sababu ambayo naona ndiyo inayofanya mafundi wenye akili kuendelea kubadilisha vifaa bila kupima: hakuna anayewalipa kwa kupima. Mteja hulipia kitu anachokiona. Akipewa stata mpya kwenye boksi lake, hata kama haikuhitajika, amelipa kwa amani. Akiambiwa kwamba saa nzima imetumika kugundua boliti yenye kutu, iliyosafishwa kwa kipande cha msasa, atauliza analipia nini. Fundi anayejua hilo hana haja ya kuwa mwizi ili aagize spea. Inatosha awe na watoto wanaosoma. Wanaosema kwamba kupima ni anasa ya watu wenye muda wamehesabu muda wa fundi na kusahau siku ambazo pikipiki italala ikisubiri basi la kutoka Nairobi, bila mapato, na uwezekano kwamba kifaa kitakachoshushwa si chenyewe. Mita ya kawaida ni rahisi kuliko stata yoyote mpya. Kitakachobadilisha mambo, nadhani, ni bei ya kutafuta kutajwa peke yake kabla ya kazi kuanza, ilipwe hata ikigundulika kwamba hakuna kifaa cha kununua, na vipimo viandikwe kwenye karatasi anayoondoka nayo mwenye pikipiki: betri ikiwa imetulia, betri chini ya mzigo, hasara ya kwenda, hasara ya kurudi, chaji. Namba tano. Mteja wa kwanza atanung'unika. Wa pili, akiwa na karatasi ya mwaka jana mkononi na hasara ya arthi iliyopanda kutoka 0.1 hadi 0.6, atakuwa na kitu cha kukizungumza na fundi wake kabla stata haijagoma.